Wapishi Wanaondoka, Loji Zinabaki: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mbali na miji mikubwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini hoteli za vijijini hazipati watu wenye ujuzi, na zikiwapata, kwa nini hawakai. Nimechagua tano, nikazifupisha, na nimeondoa majina ya watu na ya hoteli. Ninayejibu nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi jikoni na katika usimamizi wa vyumba, zaidi katika ukanda wa kaskazini, kwa hiyo wasomaji wa pwani na wa kusini wanivumilie pale mifano yangu inapoelemea upande mmoja.

Ndugu mwandishi, nina loji ya vyumba kumi na vinne nje kidogo ya mji wa Karatu. Tangu Januari nimebadilisha mpishi mkuu mara tatu. Wa kwanza alichukuliwa na kambi moja ya Serengeti, wa pili alikwenda Zanzibar, na wa tatu ameondoka juzi bila hata kuaga. Kila ninayemleta namlipa zaidi ya aliyetangulia, na bado hakai. Ninasikia kwamba vyuo vya utalii vinatoa wahitimu kila mwaka. Wako wapi?
Mwenye loji, Karatu

Ndugu yangu, pole kwa hasara na kwa usingizi uliopotea. Nianze na wahitimu. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi mbili Dar es Salaam, moja Arusha na moja Mwanza; chuo cha hoteli na utalii cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kiko Njiro, Arusha. Vyote viko mjini. Kijana anapanga chumba mjini, anafanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika hoteli ya mjini yenye majiko ya kisasa na mpishi mkuu anayesimama nyuma yake, na anapohitimu, watu wanaoweza kumwita kazini ni wale waliomwona akiwa fildi. Karatu haimo katika hesabu zake. Anayekubali kuja kwako mara nyingi anakuja kutafuta barua ya uzoefu, na barua hiyo ikishapatikana, barabara iko mlangoni.

Barabara hiyo tuizungumze kidogo. Karatu imekaa kwenye lami inayotoka Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro, na magari ya watalii yanayokwenda au kutoka Serengeti kwa njia hiyo hupita mbele yako mchana kutwa. Madereva wanalala kwako na kula jikoni kwako. Dereva akionja mchuzi mzuri leo, kesho kutwa meneja wa kambi aliyepungukiwa na mpishi analijua jina la mpishi wako na namba yake ya simu. Nimepata watu kwa njia hiyo na nimepoteza watu kwa njia hiyo, kwa hiyo siwalaumu madereva hata kidogo. Ninachotaka ukione ni kwamba kushindana kwa mshahara peke yake ni shindano ambalo loji ya vyumba kumi na vinne haiwezi kulishinda. Kambi ya mahema inayotoza mgeni mmoja mamia ya dola kwa usiku itakuzidi kila mara, na juu ya mshahara itaweka chakula, malazi na bakshishi nene.

Kuna jambo jingine ambalo waajiri wengi wameanza kulisahau. Mwaka 2019 watalii wa kimataifa 1,527,230 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, baada ya Korona kufunga viwanja vya ndege duniani, walishuka hadi 620,867. Loji zilifungwa na watu wakarudishwa makwao. Kati ya niliofanya nao kazi, mmoja alikwenda kulima vitunguu Mang'ola, mwingine akanunua bodaboda, mwingine akafungua kibanda cha chipsi ambacho leo kinamlisha yeye na watoto wake wanne. Watalii walirudi, mwaka 2023 walipita milioni 1.8, na mwaka 2024 wakapita milioni mbili. Watu hao hawakurudi. Kitanda kipya kinaweza kununuliwa kwa mwezi mmoja, lakini mpishi msaidizi aliyeacha kazi mwaka 2020 ndiye ambaye leo angekuwa mpishi mkuu, na nafasi yake haiwezi kuzibwa na mhitimu aliyetoka chuoni Novemba iliyopita. Ndiyo maana ukitangaza kazi unaletewa rundo la maombi, na bado humpati mtu wa kukabidhiwa jiko. Wanaoanza ni wengi. Waliokomaa ndio wachache, na hao wachache wanagombaniwa.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uache kumtafuta mpishi mkuu wa nne kwa muda, uwatazame watu ambao tayari wako jikoni kwako na wana kwao hapo hapo. Nakupa kisa kimoja. Katika loji niliyokuwa nikisimamia jiko, wageni waliokwenda kreta ya Ngorongoro waliondoka kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, kwa hiyo chakula chao cha mchana kilifungwa kwenye maboksi kuanzia saa kumi usiku. Asubuhi moja mpishi wa zamu hakuja. Kijana aliyekuwapo, mwenye cheti safi kabisa, alifunga maboksi yote sawasawa: mkate wenye jibini, keki, juisi, tunda. Muosha vyombo wetu, mzaliwa wa Rhotia, akalishika boksi moja na kusema kwamba mama wa chumba cha sita hali ngano. Alikuwa amemsikia mhudumu akisema hivyo usiku wakati sahani zinarudi. Alilifungua, akatoa mkate na keki, akaweka kuku wa kuchoma, viazi vya kuchemsha, yai na ndizi mbili. Hakuna aliyemfundisha. Mgonjwa wa ngano akipewa mkate huku yuko chini kabisa ndani ya kreta, safari yake imekwisha, na jina la loji linakwenda nayo. Kijana yule wa Rhotia tulimwondoa kwenye sinki wiki ile ile, na miaka minne baadaye alikuwa mpishi msaidizi. Mama yake alikuwa na shamba la maharage umbali wa dakika ishirini kwa mguu, na kambi zilimwita mara mbili akakataa.

Utaniuliza utamfundisha saa ngapi. Wageni wa Karatu huondoka alfajiri na kurudi jioni, na kati ya saa nane na saa kumi mchana loji iko kimya. Hizo ndizo saa za darasa. Mlete mpishi mzoefu, hata aliyestaafu, kwa mkataba wa miezi mitatu, na kazi yake iandikwe wazi kuwa ni kufundisha watu wawili, si kupika peke yake. Waanze na kisu, kisha supu ya mifupa, michuzi ya msingi, mayai ya namna zote, mkate, kusoma kadi ya mgeni mwenye mzio, na kupanga oda ya soko. Kila wiki mmoja wao aandae chakula cha jioni cha wafanyakazi kana kwamba anaandaa cha wageni. Utapata faida mbili hapo, kwa sababu katika loji nyingi nilizozijua, chakula cha wafanyakazi ndicho kilichowafukuza watu mapema kuliko mshahara. Mtu anayepika samaki kwa siagi mchana kutwa na kupewa ugali na maharage yale yale kwa mwezi mzima huhesabu siku.

Halafu kuna Aprili na Mei. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, na waajiri wengi huwaambia watu waende likizo bila malipo mpaka Juni. Hapo ndipo unapompoteza mpishi, hata kama yeye mwenyewe hajui bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Ipange likizo hiyo katika masika, kwa kuwa ni deni ambalo utalilipa vyovyote vile, na mwezi unaobaki uwe wa mafunzo na ukarabati kwa malipo kamili. Tuseme mpishi wako anapata shilingi 600,000 kwa mwezi. Miezi miwili ni 1,200,000, na nusu yake ni ya likizo anayostahili. Iweke pembeni yake gharama uliyoingia tangu Januari: nauli za wapishi watatu, chakula kilichotupwa, wageni waliolalamika, na wakala wa safari aliyehamishia kundi lake kwa jirani. Wewe ndiye unayezijua tarakimu hizo, nami naamini ukizijumlisha kwa kalamu utashtuka.

Mwisho, sanduku la bakshishi. Kama linagawanywa kwa wahudumu wa mezani na mapokezi tu, jikoni na wasafisha vyumba wanajua, na wanasema hivyo kila Ijumaa. Lifunguliwe mbele ya watu, kiasi kiandikwe ubaoni, na mgawo uwe umekubaliwa na wote. Ni jambo dogo lisilokugharimu hata shilingi, na nimeliona likiwazuia watu kuondoka.

Shikamoo mama. Nina miaka 26, ninafanya usafi wa vyumba katika kambi moja ya Tungamalenga, karibu na Hifadhi ya Ruaha, na huu ni mwaka wangu wa saba. Nimewafundisha kazi wasichana wanne waliokuja na vyeti, na wawili kati yao sasa ndio wasimamizi wangu. Mimi niliishia darasa la saba. Kila nafasi ikitangazwa wanataka cheti. Je, ndiyo nimekwama hapa?
Msichana wa vyumba, Iringa

Marahaba mwanangu. Hujakwama, ingawa naelewa kwa nini unaona hivyo, na uchungu wa kumfundisha mtu kazi kisha akaja kukukagua nao naufahamu.

VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na fani za hoteli, upishi na uhudumu zimekuwa ndani yake tangu mwanzo wake. Huhitaji kurudi shule kwa miaka miwili. Unajiandikisha, mkufunzi anakuhoji na kukutazama ukifanya kazi yako ya kila siku, anaandika unachokiweza na usichokiweza, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba yaliyopungua, kisha unapimwa na kupewa cheti. Fika ofisi za VETA Iringa siku yako ya mapumziko, uulize awamu ijayo inaanza lini na unatakiwa kuwa na nini mkononi. Kama kambini kwenu wako wenzako saba au wanane wa hali yako, andikeni majina yenu pamoja, kwa sababu ni rahisi zaidi kumwomba mkufunzi awafuate watu wanane kuliko mmoja.

Jiandae kwa kujitazama. Mtu wa miaka saba hufanya mambo mengi bila kufikiri, na mkaguzi atataka uyaeleze kwa maneno. Chukua kitanda tu. Unaanza kwa kutoa shuka chafu bila kuziburuta sakafuni, unalikagua godoro kama lina madoa au wadudu, unatandika shuka ya chini na kukunja pembe zake ili zisitoke mgeni akijigeuza, unaweka ya juu na kuacha mkunjo wa kuingilia, mito unaielekeza mdomo wa foronya upande usioonekana kutoka mlangoni. Kwa nini unaanza na kitanda kabla ya kufuta vumbi? Kwa nini kitambaa cha choo kina rangi yake peke yake? Dawa ipi haichanganywi na ipi? Kule Ruaha ongeza na la kwenu: unakagua nini chini ya kitanda na ndani ya viatu kabla ya kuingiza mkono? Mambo hayo umewafundisha wale wanne, basi jifundishe tena kwa sauti.

Kwa meneja wako nina neno, na naomba umsomee aya hii. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa, na sehemu ya fedha hizo huenda VETA. Kama kambi yenu ina watu kumi, basi imekuwa ikichangia mafunzo kila mwezi kwa miaka yote saba uliyokaa hapo. Kukuruhusu siku kadhaa za kwenda kupimwa ni kuchukua kidogo katika kile ambacho tayari kimelipiwa. Na msimamizi anayejua ufunguo gani unakwama na mgeni gani hurudi kila Agosti hapatikani kwa tangazo.

Ndugu mwandishi, ninasimamia kambi kaskazini mwa Serengeti, upande wa Kogatende. Tatizo langu si wapishi wala wahudumu. Chumba chetu cha baridi kilikufa Agosti wakati kambi imejaa, fundi akatoka Arusha na kufika siku ya pili, na nyama ya wiki nzima ilitupwa. Nifanyeje nipate fundi wa kudumu?
Msimamizi wa kambi, Serengeti

Umegusa upungufu ambao wenye hoteli hawauzungumzi mpaka uwaume. Tunahesabu wapishi na wahudumu kwa sababu mgeni anawaona, lakini kambi ya porini inasimama juu ya fundi: maji, umeme wa jua, jenereta, gesi, magari na baridi. Fundi wa majokofu aliyekomaa atapata kazi mjini bila shida na atalala kwake kila usiku, kwa hiyo kumwajiri kwa kudumu kwa kambi moja ni vigumu, na kwa kambi ndogo pengine si busara. Zungumza na majirani zako wawili au watatu mgawane mmoja kwa mkataba, akizunguka kila mwezi msimu mzima, na katika wiki ambazo hayupo uwe na mtu wako wa ndani anayejua kuzuia ajali.

Mtu huyo unaye tayari. Kila kambi ina kijana anayeitwa redio ikikataa kuwaka. Mpeleke VETA katika kipindi cha masika akasome kozi fupi ya umeme na majokofu, ukimlipa mshahara wake, kisha umpe daftari. Asubuhi na jioni aandike nyuzi joto: jokofu lisipite nyuzi 5, friza ikae kwenye 18 chini ya sifuri. Kila wiki afute vumbi kwenye kondensa, kwa sababu vumbi la kiangazi la Serengeti likishaziba mapezi yake, joto halina pa kutokea na kompresa, yaani pampu ya jokofu, inafanya kazi mpaka inaungua. Aangalie mpira wa mlango kwa kubana karatasi katikati. Karatasi ikichomoka kwa urahisi, baridi nayo inatoka hapo hapo. Apime volti za jenereta kabla ya kuwasha chumba cha baridi. Daftari hilo likionyesha nyuzi 4, kesho 5, kesho kutwa 7, unampigia fundi siku tatu kabla ya hasara, nyama ikiwa bado nzima.

Sitaki ufikiri kwamba nakupa dawa ya bei nafuu ya kukwepa kumlipa fundi. Kijana huyo akirudi na ujuzi, cheo na mshahara wake vibadilike siku hiyo hiyo, na iandikwe kwenye mkataba. Ukimwacha kwenye mshahara wa kibarua huku anatunza mali ya mamilioni, jirani yako atambadilishia yeye.

Je, tukikosa mpishi nchini, turuhusiwe kumleta kutoka Kenya? Ninaambiwa wao wamefundishwa vizuri zaidi.
Mmiliki wa hoteli, Lushoto

Kenya ilitangulia, hilo ni kweli. Chuo chao cha Utalii kilifunguliwa mwaka 1975 na kimejaza hoteli za Afrika Mashariki nzima. Kumwajiri mgeni kunawezekana kwa kibali chini ya Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015. Kibali hutolewa kwa muda maalumu na kinaweza kuhuishwa, lakini jumla yake ina kikomo, na mwajiri hutakiwa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Wengi huujaza mpango huo kama fomu ya kupitia dirishani. Ukiuchukulia kwa dhati ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote: mtaje Mtanzania atakayerithi, andika atajua nini kufikia mwezi wa sita na wa kumi na mbili, na malipo ya nyongeza ya mpishi mgeni yafungwe kwenye maendeleo ya mrithi wake. Bila hivyo, muda wa kibali utapita nawe utakuwa pale pale, ukiwa umelipa ada za vibali.

Assalam alaykum bibi. Naandika kutoka Jambiani. Hoteli zimejaa pwani yetu yote, lakini jikoni na mapokezi wapo watu kutoka bara na Kenya. Watoto wetu wanaambiwa hawana ujuzi. Sasa binti yangu amemaliza skuli, anataka kusomea kazi ya hoteli, na mama yake hataki kabisa, kwa ulevi na kwa kurudi usiku. Mimi niko katikati. Unanishauri nini?
Mzazi, Unguja

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mama ana hoja na binti ana hoja, na sitamdharau yeyote kati yao.

Kuhusu ujuzi, waajiri hawasemi uongo wote. Hoteli ya pwani inataka Kiingereza cha kuzungumza, na mara nyingi Kiitaliano kidogo, na kijana aliyesoma skuli ya kijijini hutoka na Kiingereza cha daftarini. Lakini mwajiri anayemleta mtu kutoka Arusha analazimika kumlaza, kumlisha na kumpa nauli ya kurudi kwao, na mtu huyo ataondoka msimu ukiisha. Binti yako anayelala nyumbani kwenu ni nafuu kwake na ana sababu ya kukaa miaka kumi. Hilo linapaswa kusemwa na shehia yenu mbele ya wenye hoteli, kwa hesabu na kwa heshima, na ombi liwe la nafasi kadhaa za wanagenzi kila mwaka. Mafunzo hayako mbali. Jambiani yenyewe ina chuo chake cha utalii, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii katika kampasi yake ya Maruhubi. Mwanagenzi anayesoma huku akifanya kazi, siku kadhaa darasani na siku kadhaa hotelini, hutoka na Kiingereza alichokitumia kwa watu halisi.

Kuhusu wasiwasi wa mama, hoteli ina kazi nyingi ambazo hazishiki pombe wala hazimwoni mgeni usiku. Uokaji wa mikate na keki huanza alfajiri na kwisha mchana. Usafi wa vyumba ni kazi ya mchana, kadhalika dobi, hesabu, stoo, na ofisi ya kuhifadhi nafasi za wageni. Uokaji nausifu hasa, kwa kuwa mwokaji mzuri anatafutwa kisiwa kizima, na siku akichoka na hoteli anaweza kuweka tanuri uani kwake.

Kabla ya kumruhusu, nenda mwenyewe kwenye hoteli atakakofanyia mafunzo, uende na mama yake. Ombeni kuona chumba ambamo wanawake hubadilishia nguo, na kama mlango wake una kitasa kinachofunga. Ulizeni gari la wafanyakazi linaondoka saa ngapi, na anayekosa gari anafikaje nyumbani. Ulizeni kama hijabu inaruhusiwa mbele ya wageni, na nani binti anamwendea akisumbuliwa na mgeni au na mkubwa wake. Jina la mtu huyo lisemwe, na muonane naye siku hiyo hiyo. Ombeni mkataba mkausomee nyumbani, mkikumbuka kwamba Zanzibar ina sheria yake ya kazi na ofisi yake ya kazi, ambayo mnaweza kuiuliza msilolielewa. Kisha kaeni mle chakula cha mchana pamoja na wafanyakazi. Watu wanaoishi vizuri mahali huzungumza wakila. Meneja akiyajibu hayo bila kukunja uso, mpeni mwaka mmoja wa kumwangalia. Akiwazuia kuona chumba cha kubadilishia nguo, msimpe binti yenu, mtafute hoteli ya pili.